Mizani ya Tisa

Sisi wa pwani tukizitaja Kitale na Bungoma, aghalabu twakumbuka mahindi. Juma hili tunayaacha mahindi na kuwatazama watu wake kwa jicho la hesabu, kwani mama anayeshika daftari la chama ana faida ya kupata humo.

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,670,570 katika kaunti ya Bungoma. Kaunti ya Trans Nzoia, ambayo makao yake makuu ni Kitale, ilikuwa na watu 990,341. Zijumlishe tarakimu za idadi ya kwanza: moja, sita, saba, sufuri, tano, saba, sufuri. Zafika 26. Zijumlishe na za pili: 26 vilevile. Hiyo ni sadfa tu, wala hapana siri ya kupigia ramli. Bali linalofuata si sadfa: ukiitoa idadi ndogo katika kubwa hupata 680,229, nayo hugawanyika kwa tisa bila kubakisha kitu.

Kumi ukiigawanya kwa tisa hubaki moja. Mia hubaki moja; elfu, laki na milioni ni vivyo hivyo. Kwa hiyo laki saba hubakisha saba, kama saba yenyewe, na jumla ya tarakimu hubakisha sawa na idadi nzima. Katika 26, mbili na sita ni nane. Kaunti zote mbili hubakisha nane.

Vitabu vya kale vya hesabu vya Kiarabu vilikiita kipimo hiki mizani. Tuipime Bungoma: wanaume 812,146, wanawake 858,389, huntha 35. Mizani zao ni nne, tano na nane. Jumla ni 17, yaani nane, na idadi nzima nayo ni nane. Hesabu imekubali. Na hao 35 wasidharauliwe kwa uchache wao: waache nje, na mizani itakataa.

Hata hivyo mizani haioni kila kosa. Mwanachama akitoa shilingi 3,650, na mwandishi akaandika 3,560, tarakimu ni zilezile, nayo mizani itanyamaza. Hapo ndipo dhana mbaya huingia baina ya majirani, na huenda hapana aliyegusa hata senti. Basi fedha za mkobani zisipolingana na daftari, kitazameni kiasi kilichozidi au kupungua. Kikiwa 90, au 27, au 450, au chochote kinachogawanyika kwa tisa, tafuteni kwanza tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi, kabla ya kumtaja mtu kwa jina. Kikiwa 100, kosa si la tarakimu kupishana. Hapo rudini kwenye risiti, moja baada ya moja.