Mtoto wa kiwandani kutoka Blantyre

Shuleni tulifundishwa kumwona David Livingstone akiwa Ujiji mwaka 1871, akisalimiana na Stanley. Nani alitueleza alilelewa wapi?

Kwao ni Blantyre, Uskoti, ukingoni mwa mto Clyde, si mbali na Glasgow. Kijiji hicho kilikua kwa sababu ya kiwanda cha kusokota pamba kilichoanzishwa mwaka 1785, mto ukizungusha mitambo. Kiwanda ndicho kilichomiliki nyumba za wafanyakazi, shule nayo ikiwa chini yake. Ukifukuzwa kazi, umefukuzwa na nyumbani.

Livingstone alizaliwa mwaka 1813 katika jengo liitwalo Shuttle Row, lililokaliwa na familia 24. Ya kwao, baba, mama na watoto watano, iliishi katika chumba kimoja cha kama futi 14 kwa 10. Humo walipika, humo walilala. Anayeishi chumba cha kupanga Manzese au Kibera haoni ajabu.

Alipofika miaka 10 aliingizwa kiwandani, kazi yake kuunga nyuzi zinapokatika. Aliingia saa kumi na mbili asubuhi, akatoka saa mbili usiku, kisha akaenda shule hadi saa nne. Mshahara wa kwanza ulimnunulia kitabu cha Kilatini. Mwenyewe alisimulia kwamba alisoma hadi usiku wa manane, mpaka mama yake, Agnes, alipoinuka kumnyang'anya vitabu.

Tunapenda kuwapigia watoto mfano wa namna hii: "Mwenzako alisoma huku akifanya kazi!" Mimi nawafikiria wale wengine wa kiwanda kile, waliofika darasani wamechoka hoi. Mmoja alipenya, hao hatuyajui hata majina yao. Kwa hiyo yule binti wa miaka 12 anayetulelea watoto, tukimwahidi kuwa atasoma jioni, tumtazame vizuri macho yake ifikapo hiyo jioni.

Tena pamba iliyosokotwa katika viwanda vya Uingereza siku zile ilitoka kwa wingi kwenye mashamba yaliyolimwa na watumwa ng'ambo ya bahari. Mtoto aliyeunga nyuzi hizo ndiye baadaye aliyeipigia kelele biashara ya watumwa ya kwetu.

Kiwanda kilishabomolewa. Shuttle Row imebaki, na tangu mwaka 1929 ni makumbusho. Wageni huonyeshwa chumba kile, na kitanda kilichojengewa ukutani.