Andika Bei, Acha Kutuzungusha

Tangazo lililoandikwa vizuri kuliko yote Dar es Salaam limebandikwa kwenye nguzo ya umeme. Ni karatasi moja yenye maneno machache: mganga amefika mjini, anarudisha mpenzi aliyekimbia, anatibu nguvu za kiume, anatoa mvuto wa biashara, namba ya simu hii hapa. Panda daladala kutoka Tandika hadi Mbagala Rangi Tatu, utalisoma njia nzima hata kama umebanwa mlangoni na mguu mmoja uko hewani. Mganga huyo huenda ni tapeli wa kutupwa, lakini kuna kazi moja anaiweza ambayo imewashinda wafanyabiashara wetu waaminifu. Anaitaja shida yako, anasema atakufanyia nini, anakuonyesha pa kumpata.

Na kioja ni hiki: mvuto wa biashara anamuuzia nani? Anawauzia wenye maduka. Mtu anatoa hela yake, anapewa kitu cha kufukia mlangoni, halafu juu ya mlango huohuo kuna bango la mita tatu lenye jina la ukoo, neno "Enterprises", picha ya mrembo wa kutoka mtandaoni na namba nne za simu, mbili kati yake hazipatikani. Ndani kinauzwa nini? Hujui. Bei zinaanzia ngapi? Ingia uulize. Mpita njia haingii, mwenye duka anasema kuna mkono wa mtu.

Mtandaoni ndiko balaa lilikohamia. Gauni zuri, picha safi, na chini yake maneno yaleyale: "Mzigo mpya umeingia wapendwa, bei njoo inboksi." Mteja yuko kazini Posta, anauliza bei hadharani kama binadamu. Anajibiwa, "Njoo DM kipenzi." Anakwenda. Anasalimiwa, anaulizwa anakaa wapi, anatumiwa picha nyingine nne ambazo hakuziomba, kisha kimya hadi saa tatu usiku. Ndipo anaambiwa: 85,000. Alikuwa na 40,000. Bando lake limeliwa, siku yake imeliwa, na sasa inabidi atunge uongo wa heshima, "Sawa dada, nitakucheki mwisho wa mwezi," kwa sababu umemfikisha mahali ambapo kusema sina ni aibu. Mwenye 40,000 angejiondokea mwenyewe asubuhi, bila kinyongo. Na mwenye 90,000 mfukoni, yule uliyekuwa unamtaka, hakuja kabisa. Ameona "inboksi" akapitiliza.

Mimi naiita hiyo dharau. Unamwambia mtu mzima mwenye hela yake kwamba lazima kwanza akupigie hodi, ajieleze, akaguliwe, ndipo astahili kuambiwa bei ya kitu ulichokianika mwenyewe hadharani. Kisha unalalamika vyuma vimekaza. Vimekaza kweli, wala sibishi, ila nati nyingine umezikaza kwa mkono wako.

Nchi hii inajua kuandika bei. EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi, na kila kituo cha mafuta kinatakiwa kuweka bei zake kwenye bango linaloonekana waziwazi, la sivyo kinaadhibiwa. Unazisoma ukiwa barabarani, hujakata kona. Sijasikia dereva wa bajaji akiambiwa petroli njoo inboksi.

Aliyeshindwa kujifunza kwa wenye vituo vya mafuta akajifunze kwa mmachinga. Nenda Tandika jioni watu wakitoka kazini. Turubai chini, nguo za watoto rundo, na spika iliyorekodiwa inazunguka bila kupumua: nguo za watoto buku, chagua mwenyewe, buku. Kelele hizo zinakera, na mwenye nyumba ya jirani ana kila haki ya kulalamika. Lakini mama aliyeshuka kwenye gari na 3,000 mkononi ameshapiga hesabu kabla hajafika: watoto watatu, nguo tatu, anainama anachagua. Hakuna aliyempotezea muda. Yule kijana hajasomea masoko chuo chochote, na anawashinda wenye vyeti waliolipia "kutengenezewa brandi" wakapewa nembo ya dhahabu na kaulimbiu ya Kiingereza: ubora ndiyo fahari yetu, sijui ndoto yako ndiyo kazi yetu. Fahari ya nini? Mnauza matairi.

Halafu kuna suala la mahali. "Tupo Tegeta." Tegeta ipi? Kibaoni, Nyuki au kwa Ndevu? "Tupo Mbagala." Zakhem, Kizuiani, Charambe? Sensa ya 2022 iliihesabia Temeke pekee watu 1,346,674. Hiyo ni wilaya, si uani kwenu ambako kila mtu anajua kwa mama fulani ni wapi. Taja kituo cha daladala na upande wa barabara, basi.

Najua majibu yenu, nimeyasikia. Kwanza: nikiandika bei, mshindani ataiona. Mshindani wako alishamtuma mdogo wake kuuliza siku nyingi, na aliambiwa bei yote pamoja na punguzo. Unayemficha ni mteja peke yake. Pili: kwetu watu hupatana, bei ikiandikwa utamu umekwisha. Uongo. Kupatana kunahitaji pa kuanzia, na lugha yetu imeshamaliza kazi hiyo kwa maneno mawili ambayo kila dalali wa viwanja na magari anayatumia: maongezi yapo. Andika 35,000, maongezi yapo. Mteja anajua asimame wapi, wewe unajua ushuke hadi wapi. Tatu, hili linasemwa kwa sauti ya chini: bei inategemea amekuja nani. Akishuka kwenye gari zuri ni nyingine, akiwa na begi mgongoni na kofia ya jua ni nyingine kabisa. Hapo angalau mmekuwa wakweli. Ila msishangae mwenye gari zuri akienda kununua kwenye duka la kiyoyozi lenye lebo. Anapoona lebo anaamini kwamba aliyemtangulia alilipa kiasi hichohicho.

Wanaoumia zaidi ni mafundi na wasanii, na hapa ndipo hasira yangu inapopanda. Pita Keko uone samani zilivyopangwa kando ya barabara. Kitanda kimeungwa vizuri, kimepigwa msasa, kimekaa kwenye vumbi bila karatasi hata ya ukubwa wa kiganja. Ni mninga au ni mbao nyingine iliyopakwa rangi? Futi tano kwa sita au sita kwa sita? Fundi anajua yote, hata shina lilikotoka, lakini amekaa ndani ya karakana anasubiri mtu amuulize. Anakuja dalali, yeye anauliza. Ananunua kwa bei ya jasho, anakipeleka dukani, anakifuta, anakiandikia "mninga halisi, 6 kwa 6" pamoja na bei. Mbao haikubadilika. Kilichoongezeka ni maneno, na mwenye maneno ndiye anayekula faida.

Mwenge kwa wachonga vinyago ni vilevile. Mgeni anakaribishwa vizuri, anaambiwa kuangalia ni bure, kisha anaangalia na kuondoka, kwa kuwa ameona vinyago mia moja na hakuna hata kimoja kilichomwambia kitu. Ile nguzo ya watu waliobebana, ambayo wachongaji huiita ujamaa, mchongaji Mmakonde anaweza kukueleza nani kambeba nani mpaka jua lizame, lakini rafuni imekaa bubu. Pembeni yake kuna mti mwingine uliopakwa dawa ya viatu ukaitwa mpingo, na mnunuzi aliyewahi kuibiwa hivyo hamwamini tena hata mwenye mpingo wa kweli. Mpingo ni mzito kiasi kwamba ukiutia majini unazama. Weka ndoo ya maji mbele ya kibanda, tumbukiza kipande, andika kwenye kadi: huu unazama, umechongwa na fulani, bei hii. Ndoo haifiki 10,000. Itawaumbua wenye dawa ya viatu kuliko mikutano yote ya chama cha wachongaji.

Wala msiseme msanii hapaswi kuhangaika na mambo ya sokoni. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora mwaka 1968 akitumia hadibodi na rangi za kupakia baiskeli, akauza picha zake Oysterbay pale Morogoro Stores. Akichora chui ni chui, amejaa ubao mzima, mpita njia anamwona akiwa ng'ambo ya barabara. Na juu ya picha, upande wa mbele kabisa, aliandika kwa herufi kubwa: E. S. TINGATINGA. Hakulificha jina nyuma. Alichora miaka isiyozidi minne, polisi wakampiga risasi kwa kumdhania mwizi mwaka 1972, na bado jina lile likawa jina la mtindo mzima, likabebwa na ushirika wa wachoraji ulioundwa 1990. Wakusanyaji wa picha wanalisaka hadi leo, na wapo matapeli wanaolighushi kwa sababu jina hilo ni hela. Lako wewe, uliyechonga mpingo miezi mitatu ukauza bila kuandika hata herufi moja, nani atahangaika kulighushi?