Tunaijua Kigoma, Rumonge je?

MUULIZE mfanyabiashara yeyote wa mpakani ni wapi Ujiji wanauza migebuka mizuri, atakuelekeza mpaka mlangoni kwa muuzaji. Kisha muulize ni wapi Minago au Rumonge anaweza kumpeleka mkewe wakakaa wakala mukeke wa kuchoma. Atakuna kichwa.

Na mgebuka na mukeke ni samaki yule yule. Ziwa ni lile lile, mawese ni yale yale. Tofauti ni kwamba upande ule tuliishi, upande huu tunapita.

Nasema "tunapita" nikijihesabu na mimi. Nilizaliwa katika makazi ya Mishamo, nikasoma huko, nikarudi mwaka 2009 na sasa nafundisha Bugarama. Kwa miaka mingi barabara ya ziwani, inayotoka Bujumbura kupitia Magara, Rumonge na Nyanza-Lac hadi mpakani Mugina, kwangu ilikuwa njia ya kwenda Manyovu kutafuta bidhaa wakati wa likizo. Nilikula mkate ndani ya gari. Kushuka mgahawani niliona ni anasa ya wenye magari yao.

Mama watoto ndiye aliyenitoa ushamba. Yeye hakuwahi kukimbia nchi. Siku moja aliniambia, "Mwalimu, wewe nchi hii unaijua kwa dirisha la gari." Nilikasirika, kisha nikaona ni kweli.

Tukaweka kopo. Kila wiki tunatia humo bei ya kilo moja ya maharage. Likitosha nauli ya watu wawili na sahani mbili, tunakwenda. Hatulali nje: asubuhi kwenda, jioni kurudi. Mafuta ya gari yakiadimika, kama tulivyozoea miaka hii, tunaishia Magara.

Tumeona nini? Upande wa kaskazini tumeliona jiwe la Mugere, mahali Livingstone na Stanley walipolala kuanzia 25 hadi 27 Novemba 1871, baada ya kukutana Ujiji. Habari za Ujiji tulizisoma darasani uhamishoni. Hakuna aliyetuambia kwamba wazungu hao walifika na kwetu. Upande wa kusini, ukiipita Rumonge, kuna msitu wa Kigwena, ambao mara zote niliupita nikiwa nimesinzia.

Na tumekula. Si hotelini, bali katika vibanda vya mama zetu: mabenchi manne, makaa, mukeke aliyepasuliwa na kutiwa chumvi, ugali wa mihogo, lengalenga za mawese, pilipili. Ila uliza bei kabla hujakaa. Mahali pamoja walisikia Kiswahili changu cha Tanzania wakanitoza bei ya mgeni. Na ziwa linapofungwa ili samaki wazaane, kama ilivyokuwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, agiza maharage, usimsumbue mama wa watu.

Lakini nisiwe mnafiki. Kilichonizuia kushuka Rumonge hakikuwa pesa. Baba yangu alikimbia mwaka 1972 akaacha michikichi yake kwenye kilima kimoja karibu na hapo. Familia nyingine inailima mpaka leo, na kesi haijaisha. Niliogopa kukaa meza moja na mtu wa familia ile.

Safari ya pili ikatokea. Mabenchi yalikuwa yamejaa, bwana mmoja akasogea kutupisha. Mke wangu akamsalimu, akamuuliza ametoka kilima gani. Alipokitaja, nikanyamaza. Nilipotaja jina la baba yangu, naye akanyamaza. Kisha akanisogezea bakuli la pilipili. Tukala. Tulizungumzia bei ya mawese tu.

Shamba halikugawanywa pale. Ila tangu siku ile tukikutana njiani tunasalimiana, jambo ambalo barua na wazee wa kilima hawakuweza kulifanya kwa miaka yote hiyo.

Naomba nieleweke. Sisemi watu waache biashara wakatembee, wala sisemi samaki anamaliza kesi ya ardhi. Nasema sisi tuliotahuka tunalalamika kwamba majirani wanatuona wageni, huku pesa yetu tunailia Kigoma na hapa kwetu tunapita vioo vikiwa vimefungwa. Mama wa Minago atatujuaje?

Nanyi wenye migahawa, andikeni bei ukutani, chemsheni maji ya kunywa, safisheni choo. Mteja akidanganywa leo, kesho atabeba mkate wake.

Wahenga walisema mtembea bure si sawa na mkaa bure. Safari ijayo ukitoka Mugina, mwambie dereva asimame Rumonge. Shuka na mwenzio, kaeni kwenye benchi, agizeni mukeke mmoja wa watu wawili. Kisha muulize aliye jirani yako ametoka kilima gani.