Nani Alipaswa Kujua?

Majibu ya maabara yaliniijia kwa baruapepe siku ya Jumanne asubuhi, nikijiandaa kuingia darasani. Yalikuwa mistari michache tu: kipande cha lipu ya mapambo kutoka dari ya chumba cha nyuma, asbesto imeonekana, aina yake krisotili, yaani asbesto nyeupe. Nilifundisha kwa saa mbili baada ya hapo, na sidhani kama wanafunzi wangu waliambulia kitu.

Nyumba yangu iko katika mji mmoja wa kaskazini mwa Uingereza. Ilijengwa miaka ya 1970, na kama nyumba nyingi za rika lake, dari zake zilipakwa lipu nzito yenye nakshi za mapindo, mfano wa magamba ya samaki. Waingereza huiita Artex, kwa jina la bidhaa iliyoivumisha. Zamani hizo ilikuwa fahari ya sebule. Siku hizi kila mtu anataka dari nyororo. Miaka minne iliyopita nami nilitaka nyororo. Nikamwita kijana mmoja wa Tanga, fundi hodari wa lipu, ambaye huniamkia "Shikamoo, Mwalimu" hata kwenye simu. Aliikwangua dari ya sebule ikiwa kavu, akaipiga msasa, akafagia vumbi, kisha akapiga lipu upya. Siku tatu. Puani alikuwa na barakoa ya karatasi. Mimi nilimwandalia chai na kumsifu kwa kasi yake.

Safari hii, kabla sijagusa chumba cha nyuma, jirani yangu mstaafu aliniuliza kama nimeipima dari. Sikuwahi kusikia kwamba dari hupimwa. Mimi ambaye kwa miaka nimesimama mbele ya wanafunzi nikieleza jinsi madini ya Afrika yalivyozijenga nyumba za Ulaya!

Dari ya sebule haikupimwa, na sasa haipo tena ipimwe. Lakini nyumba ni ileile na lipu ilikuwa na nakshi zilezile. Jioni nilimpigia kijana wangu simu nikamweleza yote. Alinyamaza, kisha akauliza bila hasira: "Sasa, Mwalimu, nani alipaswa kujua?" Nilibabaika. Makala haya ni jaribio la kumjibu.

Asbesto ni madini yenye nyuzi. Nyuzi hizo zikivunjwa huwa nyembamba kiasi cha kutoonekana kwa macho, huelea hewani kwa muda mrefu, na zikiingia mapafuni mwili hauna njia ya uhakika ya kuziondoa. Maradhi yake huchukua miaka 20, 30, hata 50 kujitokeza: mapafu kukakamaa, saratani ya mapafu, na mesotelioma, saratani ya utando unaoyafunika mapafu. Hapa Uingereza hukadiriwa kwamba watu wapatao 5,000 hufariki kila mwaka kwa maradhi ya asbesto, na zaidi ya 2,000 kati yao kwa mesotelioma peke yake. Asbesto ya buluu na ya kahawia zilipigwa marufuku mwaka 1985. Nyeupe ilisubiri hadi Novemba 1999. Ndiyo maana wataalamu husema kila dari ya nakshi iliyopakwa kabla ya mwaka 2000 ishukiwe mpaka maabara iiondolee shaka.

Nisitie chumvi. Lipu ya dari si aina mbaya kuliko zote. Asbesto ndani yake huwa asilimia chache tu, nayo imeshikwa na lipu yenyewe. Mabomba ya mvuke yaliyofungwa kwa asbesto na mbao laini za kuzuia moto zina hatari kubwa zaidi. Mwaka 2006 mamlaka za hapa ziliiondoa lipu hii katika kazi zinazohitaji leseni maalumu, kwa hoja kwamba nyuzi inazotoa ni chache. Anayelala chini ya dari nzima isiyopasuka hana sababu ya kukosa usingizi. Anayeikwangua kavu na kuipiga msasa ni habari nyingine, hasa akifanya hivyo leo kwangu, wiki ijayo kwa jirani, mwezi ujao katika nyumba ya kupangisha ng'ambo ya mji. Kijana wangu aliniambia kwamba dari alizozikwangua tangu afike nchi hii hawezi kuzihesabu.

Zilitoka wapi nyuzi zenyewe? Cheti cha maabara hakitaji mgodi. Historia ya biashara inaitaja: krisotili iliyotumika Uingereza ilitoka Quebec nchini Kanada, na pia Shabani na Mashaba katika Rhodesia ya Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe, na Havelock katika Swaziland, Eswatini ya sasa. Migodi hiyo ya Afrika ilikuwa mikononi mwa Turner & Newall, kampuni ya Kiingereza ambayo kiwanda chake mashuhuri kilikuwa Rochdale, karibu na Manchester. Katika mji huohuo wa Rochdale, mwaka 1924, alifariki Nellie Kershaw, msokotaji wa nyuzi za asbesto, akiwa na umri wa miaka 33. Daktari W. E. Cooke aliandika habari za mapafu yake katika jarida la madaktari wa Uingereza mwaka huohuo. Kampuni aliyoifanyia kazi ilikataa kulipa fidia.

Kanuni za kwanza za vumbi la asbesto zilikuja mwaka 1931. Tazama zilivyokatwa: ziliwalinda wafanyakazi wa viwanda vilivyotengeneza bidhaa za asbesto, wala hazikuwafikia mafundi waliozipokea bidhaa hizo na kuzikata kwa msumeno majumbani na melini. Bidhaa ilivuka lango la kiwanda, sheria ikabaki ndani.

Naona mkato uleule katika sheria ya leo. Kanuni za Udhibiti wa Asbesto za mwaka 2012 zinamtaka anayesimamia jengo la kazi, iwe ofisi, shule au ghala, ajue asbesto iko wapi, aiandike, na amweleze kila fundi anayeweza kuigusa. Mahali pangu pa kazi pana daftari la namna hiyo, na fundi wa umeme hatoboi dari ya ukumbi wa mihadhara kabla ya kulitazama. Katika nyumba za kuishi wajibu huo unafika kwenye korido na ngazi za pamoja za maghorofa, na hapo unakoma. Ipo kanuni nyingine inayomtaka mwajiri achunguze kabla ya kazi kuanza, hata nyumbani kwa mtu. Lakini fundi aliyejiajiri, sheria inamhesabu kuwa mwajiri wa nafsi yake.

Hilo basi ndilo jibu la sheria kwa kijana wangu: aliyepaswa kujua ni yeye. Mwenye nyumba, mwenye hati, mwenye fedha, mwenye kuisoma lugha ya kanuni hizo bila kamusi, hakupaswa kujua chochote. Silikubali jibu hilo, japo ndilo linalonilinda.

Nimesikia hoja kwamba kupima ni gharama na usumbufu. Nimepima, kwa hiyo naijua gharama yake: haikufika pauni 50, nayo ni chini ya nusu ya ujira wa siku moja wa fundi. Mpimaji alilowesha dari kwa maji yenye matone ya sabuni, akatoa vipande vidogo kama ukucha kutoka sehemu kadhaa, kwa sababu lipu hiyo ilikorogwa ndani ya ndoo kwa mkono na ndoo moja huenda haikufanana na nyingine. Akavifunga katika mifuko miwili ya plastiki na kuvipeleka maabara iliyoidhinishwa. Siku tatu baadaye nikapata majibu. Kwa macho, hata fundi wa miaka 40 hawezi kutofautisha lipu yenye asbesto na isiyo nayo.

Na majibu mabaya hayamaanishi kubomoa. Dari iliyo nzima huweza kuachwa, au kufunikwa kwa bodi za jipsamu, au kupakwa lipu mpya juu yake bila kukwangua, mradi mahali fulani iandikwe kilichofunikwa, maana fundi wa taa atakayekuja mwaka 2040 naye ana mapafu. Ikilazimu kuondolewa, huondolewa ikiwa mbichi, na waliofunzwa, na takataka zake hupelekwa jalala lililoruhusiwa kupokea taka za sumu.

Wasomaji wangu wa nyumbani watauliza yanawahusu nini haya. Kwetu dari za nakshi ni nadra, lakini mapaa ya saruji ya asbesto tunayajua. Yalizeekea juu ya shule na nyumba za watumishi. Kenya iliipiga marufuku asbesto mwaka 2006, ila marufuku haishushi paa. Anayepanda kulivunja kwa nyundo ni kibarua wa kutwa, na sijawahi kuona amepewa karatasi inayomweleza anavunja nini.

Hapa Uingereza nataka jambo moja, tena dogo. Mwenye nyumba anayepangisha hulazimika kila mwaka kuwa na hati ya usalama wa gesi. Nyumba haiuzwi wala haipangishwi bila hati ya matumizi ya nishati. Iongezwe hati ya dari kwa nyumba za kabla ya 2000, ilipiwe na mwenye nyumba, na iwe mkononi mwa fundi kabla hajainua kikwangulio. Sioni bunge likiharakisha, kwani wabunge wenye nyumba za kupangisha si haba. Mpaka hapo, nimeahidi kulipia vipimo vya kijana wangu kila atakapokutana na mteja mkaidi. Najua kwamba ahadi hiyo hairudishi zile siku tatu za sebuleni kwangu.

Kijana mwenyewe alikwenda kwa daktari wake, akaeleza, na jambo hilo likaandikwa katika faili lake. Hakuna dawa ya kumpa mtu ambaye haumwi. Juzi usiku alinitumia picha ya dari nyingine, mapindo yake makubwa kama mawimbi ya kusi, na chini yake maneno mawili: "Hii je?" Nimemjibu kwamba picha haitoshi, asiiguse, na anitumie namba ya mwenye nyumba.