Miaka mia ya kujua

MEZANI KWA BI. KIDAWA

Mwaka 1775 daktari Percivall Pott wa hospitali ya St Bartholomew's, London, aliandika kurasa chache kuhusu uvimbe uliowapata wafagia dohani sehemu za siri. Wenyewe waliuita chunjua ya masizi. Waganga wengi waliutibu kama ugonjwa wa zinaa. Pott akasema hapana: ni saratani, na inaletwa na masizi yanayoganda kwenye mikunjo ya ngozi. Kabla yake hakuna aliyekuwa ameonyesha waziwazi hivyo kwamba kazi ya mtu inaweza kumpa saratani.

Kazi hiyo ilianzwa utotoni. Dohani ya kawaida ilikuwa na nafasi ya sentimita 36 kwa 23 hivi, tena yenye kona, na mtoto aliipanda kwa magoti na viwiko huku akikwangua. Ngozi ikichubuka, bwana wake aliisugua kwa maji ya chumvi ili ikomae. Usiku mtoto alilala na magunia ya masizi yaleyale, maana hayakutupwa. Wakulima waliyanunua kama mbolea.

Msidhani sheria hazikuwepo. Ya mwaka 1788 ilikataza kuchukua mwanagenzi wa chini ya miaka 8. Ya mwaka 1840 ikakataza yeyote wa chini ya miaka 21 kupanda dohani. Zote zilivunjwa mchana kweupe kwa kuwa hakuna aliyepewa kazi ya kukagua. Vifaa navyo vilikuwepo: George Smart alikwishabuni brashi ya vijiti vya kuunganisha mapema katika karne hiyo. Lakini brashi haipiti kirahisi kwenye kona, na wenye majumba hawakutaka kubomoa kuta zao. Mwaka 1819 mswada wa kuwanusuru watoto uliangushwa na mabwana wa House of Lords, watu ambao, ukiniuliza mimi, walikuwa na dohani nyingi kuliko huruma.

Mapema mwaka 1875 mtoto George Brewster alikwama katika dohani ya hospitali ya Fulbourn, karibu na Cambridge, akafa. Mwaka huohuo mwanasiasa Lord Shaftesbury akapitisha sheria ya aina nyingine: kila mfagiaji awe na leseni ya polisi, ihuishwe kila mwaka, na anayempandisha mtoto anyang'anywe. Hiyo ndiyo iliyofua dafu. Tangu Pott aandike ilikuwa imepita miaka 100 kamili.

Sisi nasi tunajua. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, na wanaokaa karibu na mafiga ni wanawake na watoto. Tanzania imejiwekea lengo la asilimia 80 ya wananchi kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziliagizwa ziachane na kuni na mkaa kufikia Januari 2024.

Januari hiyo imepita. Waziri husika atueleze ni ofisa gani anaingia majiko ya shule kukagua, na mwalimu mkuu anayeambiwa anunue gesi anailipia kutoka fungu gani. Mpishi anayekohoa mbele ya sufuria la ugali wa wanafunzi hahitaji kuambiwa tena kwamba moshi ni mbaya.