Ndugu Waliogombana

Wazee husema, "Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune." Maana yake, mtu wa nje asijitie katika ugomvi wa ndugu, kwani watapatana wenyewe. Methali hii ni ya kweli, lakini ndugu hawapatani ila mmoja akubali kutangulia.

Zitazameni habari za Salme, binti Sayyid Said, aliyezaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844. Mwaka 1859, baba yao amekwisha kufa, Barghash alimwasi ndugu yake, Sultani Majid. Salme alikuwa msichana wa miaka 15 tu. Kwa kumpenda mno dada yake Khole, aliingia upande wa Barghash, akawa mwandishi wa barua zao, maana alikuwa amejifundisha kuandika. Maasi yakashindwa, Barghash akapelekwa Bombay, naye Salme akaenda kukaa shamba, kwanza Kizimbani, halafu Bububu.

Aliporudi mjini, kama alivyoeleza katika kitabu chake cha mwaka 1886, Majid ndiye aliyetangulia kwenda kumtazama, ijapokuwa alikuwa mkubwa wake na mtawala wa nchi. Wakapatana. Lakini Khole alikasirika. Kwake yeye, kumridhia Majid kulikuwa ni kumsaliti Barghash, na mapenzi ya dada hao yakavunjika. Mwaka 1866 Salme aliondoka Unguja, akaolewa na Mjerumani. Aliporudi kuitazama nchi yake mwaka 1885, Majid na Khole walikuwa wamekwisha kufa. Na Barghash, ambaye sasa ndiye Sultani, alikataa kumpokea.

Majid alitenda vema kuliko wote. Hakuona haya kuushusha ukubwa wake kwa ajili ya ndugu. Khole alikosa, si kwa kumpenda Barghash, bali kwa kumtaka mdogo wake achukie pamoja naye. Mtoto huweza kuingizwa katika ugomvi asioujua. Akiisha kuwa mtu mzima, ni haki yake kuupima upya kwa akili yake, wala asiitwe msaliti. Kumpenda ndugu mmoja si kumchukia wa pili.

Basi mwenye dada waliyeachana naye tangu utotoni asingoje kuombwa. Toka Kizimbani hata mjini ni mwendo wa saa chache kwa miguu. Na aende angali yuko wa kumfungulia mlango.