Matatu Ina Dirisha la Dharura, Bedsita Yako Je?

Wasee, leo sichekeshi.

Juzi saa saba usiku, hapa Kamenu, jirani alitoka shifti ya kiwandani, akaweka mafuta kwa gesi, akasinzia. Moshi ukajaa korido. Ngazi ni moja, tukashuka mbio na watoto mgongoni. Kufika chini, geti lina kufuli na keateka ameenda na funguo. Tukashika vyuma tukipiga nduru hadi fundi mmoja wa ng'ambo ya barabara akaja kuvunja na nyundo. Hakuna aliyekufa. Lakini tangu siku hiyo silali vizuri.

Sasa angalia chumba chako. Mlango ni mmoja. Mtungi wa gesi uko wapi? Kando ya mlango, kwa sababu hapo ndipo jikoni. Moto ukianzia hapo, huna mlango tena. Linabaki dirisha, nalo lina grili iliyochomelewa kabisa. Matatu ya kwenda Nairobi, safari ya saa moja, ina dirisha la dharura. Chumba unacholala usiku mzima hakina!

Landilodi atasema grili ni ya wezi. Sawa, wezi wapo, hata mimi nimeibiwa simu. Lakini Machi 2001, shule ya upili ya Kyanguli kule Machakos, wavulana 67 walikufa bwenini. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, madirisha yana vyuma. Mwaka 2008 mwongozo wa usalama wa shule ukasema wazi: madirisha ya bweni yasiwe na grili, milango ifunguke kwa nje. Mbona mtoto huyo huyo, shule ikifungwa, anarudi kulala kwa kizimba?

Na si lazima tuchague kati ya mwizi na moto. Fundi wa kuchomelea anaweza kuweka bawaba na kufuli ya ndani kwa grili ile ile. Mwizi hafikii ufunguo, wewe unaufikia hata gizani.

Mpangaji, usingoje. Leo usiku zima taa, ujaribu kutoka. Ufunguo ukae msumari mmoja kila siku. Sogeza mtungi mbali na mlango. Moshi ukijaa, tambaa, hewa safi iko chini. Kubalianeni mtakutana wapi nje, muhesabiane.

Lakini usiniambie hii ni kazi ya mpangaji peke yake. Grili si yangu, geti si langu, na ngazi ya pili siwezi kujenga. Rent nalipa kila mwezi, na silipi ndio nifungiwe.

Kwetu tuliomba kila nyumba ipewe funguo ya geti. Jibu: "Mtaleta wezi." Jumamosi tunaenda kwake wote, ploti nzima. Wewe je, funguo ya geti lenu iko na nani saa hii?